Wimbo wa Maji Yaliyopungua

Bibi Sengamalam alikubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe alilitoa akiwa tayari ndani ya gari, mkoba mapajani, wakati gari limeshaiacha barabara kuu na kushika njia ya kuteremkia mtoni.

"Nikiona siyo, mtaifuta," alisema. "Yote. Na mtaifutia mbele yangu."

"Sawa, Mwalimu," alijibu Kothai, mwanafunzi wake wa siku nyingi.

"Sisemi na wewe. Nasema na huyo mwenye mashine."

Kathir, aliyekuwa kwenye usukani, alimtazama kwenye kioo. "Bibi, mimi kufuta ndiko ninakojua zaidi. Waulize maharusi wa Chennai."

Alikuwa mtoto wa kaka yake Kothai, na kazi yake ilikuwa kupiga filamu za harusi na matangazo ya biashara. Siku ile alikuja bure, kwa ajili ya shangazi yake. Kiti cha nyuma, karibu na Bibi, aliketi Yazhini, fundi wake wa sauti, binti mkimya aliyekuwa amepakata spika kama mtu aliyepakata mtoto wa wenyewe.

Kothai hakusema zaidi. Alijua kuwa safari hii haitakuwa na ya pili. Bibi Sengamalam alikuwa ameshafika umri wa kutotoka nje ya mtaa wake, na hata asubuhi ile alishuka ngazi zake tatu kwa kushikwa mikono pande zote mbili.

Wimbo waliokwenda kuupiga picha ulikuwa wa pole, wa kuchezwa kwa uso na mikono zaidi kuliko miguu. Bibi aliupata kwa shangazi yake, na shangazi kwa mama yake, wanawake wa nyumba moja waliokuwa wakicheza hekaluni enzi zile hekalu lilipokuwa bado na wachezaji wake. Ndani ya wimbo yuko mwanamke anayezungumza na mwenzake kando ya mto. *Alisema atakuja maji yakipungua,* anasema. *Maji yamepungua, mwenzangu. Sasa kimemzuia nini?* Basi, ni hayo tu, na beti mbili za kuyaeleza.

Kothai alifundishwa wimbo huo akiwa msichana, akakaa nao miaka yote bila kumpa mtu. Wanafunzi aliokuwa nao walitaka ngoma za kasi, za kushindania vyeti. Halafu, katika mvua za mwaka uliopita, wakiwa sebuleni kwa Bibi wakiupitia wimbo ule kama ilivyokuwa desturi yao, Bibi alinyamaza katikati. Alibaki mkono hewani. "Halafu?" akauliza. Kothai akamtajia mstari uliofuata, na Bibi akaupokea kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa kitu kizuri kwa mara ya kwanza.

Tangu siku ile Kothai hakuacha kuomba. Zamani aliwahi kuomba mara moja wapigwe picha, akakataliwa, na alidhani anajua sababu. Wanawake wa nyumba ile walisemwa vibaya sana na watu. Huenda Bibi hakutaka uso wa wimbo wao uwe mikononi mwa kila mwenye simu. Kwa hiyo hakuuliza kwa nini. Aliomba tu, wiki baada ya wiki, hadi Bibi akachoka kukataa.

Ulikuwa mwezi wa Thai wa kalenda ya Kitamil, mavuno yameingia, na mto Tamiraparani ulikuwa umejikusanya katikati ya mawe yake na kuacha mchanga mpana pande zote. Juu ya milima wingu lilikuwa limekaa bila haraka. Kathir alishuka, akazunguka na vidole vyake vimefanya mraba mbele ya jicho.

"Shangazi, hapa hata mimi nikicheza nitapendeza."

"Usijaribu," Yazhini alisema.

Walimkalisha Bibi juu ya jiwe bapa, mkeka chini, mwavuli juu. Kothai alivaa njuga, akapaka vidole rangi nyekundu, akachomeka asumini kwenye nywele. Kisha akainama, akagusa mchanga, akapeleka vidole machoni, kuiomba ardhi radhi kabla ya kuikanyaga. Kathir akawasha kamera, Yazhini akawasha spika, na sauti ya mwimbaji wa Chennai, waliyemrekodi studio mwezi uliotangulia, ikatoka safi na kuenea juu ya maji.

Mstari ule wa maji ulikuwa unarudiwa mara nne. Mara ya kwanza Kothai alionyesha mto uliomfika kifuani, ukashuka hadi gotini, ukashuka hadi kwenye kifundo cha mguu. Mara ya pili alionyesha mawe yanavyotoa migongo. Mara ya tatu aliinamisha mtungi ukakwangua mchanga. Mara ya nne hakuonyesha kitu, alitazama tu njia.

"Safi!" Kathir alipiga kofi. "Sasa tunarudia kwa karibu. Uso na mikono."

Walirudia. Kathir akasogea kwenye kioo kidogo cha kamera, akatazama, akarudisha nyuma, akatazama tena.

"Shangazi, mara ile ulifanya mawe hapa. Sasa hivi umefanya nini?"

"Kikuku. Maji yalikuwa yanakifunika, sasa kinaonekana."

"Kizuri mno. Lakini nikiziunganisha, kwa mbali una mawe, kwa karibu una kikuku. Mtazamaji atadhani ni wanawake wawili wanamgoja bwana mmoja."

"Inawezekana," Yazhini alisema. "Ndiyo maana haji."

Kothai alicheka, akaahidi kufanya mawe. Lakini mstari uliporudi, mkono wake haukwenda kwenye mawe. Ulikuwa umezoea, kwa miaka yote ile, kwamba mstari ukirudi unatafutiwa njia nyingine. Ukirudia uliyokwisha kufanya umemdharau aliyekuimbia. Mara hiyo alionyesha samaki wadogo waliokwama kwenye kidimbwi. Mara iliyofuata akaonyesha alama ya maji kwenye mwamba, pale yalipokuwa yamefika.

Kathir hakukasirika. Alikuwa mtu wa kuchukuliana. Alifuta vipande vyote vya asubuhi ili kadi ipate nafasi, akaketi kwenye mchanga karibu na shangazi yake, wakapanga pamoja: kwanza mto unashuka, halafu mawe, halafu mtungi, halafu njia. Kothai alikariri mpangilio ule kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Baada ya hapo kila kitu kilikubaliana. Walipiga kwa mbali, wakapiga kwa karibu, wakapiga mikono peke yake, wakahamia juu ya mwamba, wakahamia ukingoni maji yakimlamba nyayo, milima ikiwa nyuma. Jua lilipofika utosini Kathir alikuwa akijiimbia.

Kothai peke yake ndiye aliyeona kwamba Bibi, ambaye asubuhi alikuwa akijipigia mdundo pajani kwa kiganja, alikuwa ameacha. Kiganja kilikuwa kimelala tu. Kothai alijiambia ni joto.

Walikula kwenye kivuli cha mti mkubwa wa marudu, wali wa ukwaju na wali wa mtindi na achari ya ndimu, juu ya majani ya mgomba. Kathir alinawa mikono, akamletea Bibi kamera, akamwekea kitambaa kichwani kuzuia mwanga. Bibi alivaa miwani. Alitazama tangu mwanzo hadi mwisho, mdomo umefumbwa.

"Nzuri," alisema.

"Mmesikia? Bibi kasema nzuri!"

"Mto ni mzuri. Sari ni nzuri. Kothai sijamwona akipendeza hivi, na huyu nimemjua tangu hana meno ya mbele." Akavua miwani. "Futa."

Yazhini aliacha kutafuna.

"Mwalimu," Kothai alisema, na hapo ndipo alipouliza swali ambalo hakuwa ameliuliza miaka yote. "Kwa nini?"

"Huyo mliyemweka humo ndani anajua kwamba mwanamume haji. Anajua kabla hajafungua mdomo. Kwanza atafanya hiki, halafu kile, halafu kile. Hana wasiwasi hata chembe. Mtu anayengoja ana mpangilio gani, mwanangu? Umewahi kumngoja mtu kwa ratiba?"

"Hapana."

"Na huyo mwimbaji wenu, anamkimbiza nani? Mara nne, kwaheri. Hakutazami. Atakutazamaje, naye yuko Chennai?"

"Bibi," Kathir alisema taratibu, "filamu ndivyo ilivyo. Lazima vipande vifanane."

"Sikulaumu, mjukuu wangu. Umefanya kazi yako vizuri, na hilo ndilo linalonitisha." Bibi alikunja jani lake la mgomba akalisukuma kando. "Mimi nitakufa. Usinikatize. Nitakufa, na mtu atataka huu wimbo, atafungua hii. Atafanya mawe kwa sababu Kothai alifanya mawe. Mwanafunzi wake atafanya mawe. Mtoto mwingine ataonyesha kikuku, ataambiwa amekosea. Shangazi yangu alinipa mstari mmoja, nikamrudishia vilevile alivyoufanya yeye, akanichapa na kijiti cha kupigia mdundo. 'Huo ni wangu,' akaniambia, 'katafute wako.' Sasa mashine hii itamchapa nani?"

Kothai alitazama mikono yake. "Mimi nilidhani ni watu," alisema. "Maneno yao juu ya nyumba yenu."

"Watu? Watu hawakuniweza mimi nikiwa na miaka kumi na sita, wataniweza leo?"

Kathir alimwita shangazi yake pembeni, nyuma ya gari. Alizungumza kwa sauti ya chini, na hakuwa na nia mbaya. Vipande vyote, alisema, Yazhini alikuwa ameshavihamishia kwenye kompyuta yake wakati wakila. Angeweza kufuta kadi mbele ya Bibi, Bibi akaridhika, na filamu ikabaki. Kesho alfajiri alikuwa na harusi Madurai. Leo ikiondoka, imeondoka.

"Mimi sikushauri," alisema. "Nakuambia tu kilichopo."

Kothai aliweka kiganja juu ya bati la gari lililokuwa la moto. Aliwaza ile siku ya mvua, Bibi akiwa na mkono hewani. Aliwaza kwamba Bibi hangejua kamwe. Aliwaza pia kwamba filamu ile ilikuwa nzuri kweli, na kwamba mtu akiwa na kitu kizuri kisicho kamili ana kitu, na asiye na kitu hana kitu. Hakuona kosa katika hesabu hiyo. Ila alipojaribu kufikiria jinsi atakavyoingia sebuleni kwa Bibi wiki ijayo na kuketi mbele yake, alishindwa kujiona akiketi.

"Futa zote mbili," alisema.

"Una uhakika?"

"Sina. Futa."

Walifuta mbele ya Bibi, kadi kwanza, kisha kompyuta. Yazhini ndiye aliyebonyeza, na alipomaliza alimgeuzia Bibi kioo auone utupu. Bibi alitikisa kichwa kukubali. Hakuonekana kufurahi.

Jua lilikuwa limeanza kuinamia upande wa milima. Kathir akaanza kukunja nyaya.

"Acha kwanza," Kothai alisema. Akaenda akachutama mbele ya mwalimu wake. "Mwalimu, niimbie."

"Mimi? Na sauti hii ya chura?"

"Vyura ndio wenye mto."

"Ona mdomo wake! Mbele ya watoto!"

"Niimbie. Kathir ataweka kamera mahali pamoja hataigusa. Ikiwa siyo, tutaifuta na hiyo, twende zetu nyumbani."

"Mto utaingia kwenye sauti, Shangazi," Kathir alisema. "Ndege, upepo, kila kitu."

"Uingie," Yazhini alisema. Alikuwa ameshafungua mkoba wake na kutoa maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. "Bibi, niruhusu. Hapa kwenye pindo la sari. Haiumi."

"Ikiniuma nitakuambia kwa kuimba."

Kothai alivua njuga. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu mchana, na kwa vyovyote wanawake wa zamani waliucheza wimbo ule wakiwa wameketi. Aliketi kwenye mchanga ukingoni, sari imetandazwa, mto nyuma yake. Bibi alikohoa, akatafuta sauti chini, akaipata.

Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa na mikwaruzo, na katika sehemu za juu ilikuwa ikijishikilia kama mtu kwenye ngazi. Lakini ilikuwa inamtazama. Kothai alipokawia, nayo ilikawia. Alipofika mwisho wa wazo, ilimrudishia mstari, *maji yamepungua, mwenzangu,* kana kwamba ilikuwa inauliza, Enhe? Na baada ya hapo? Naye akatafuta, akapata. Aliacha kuhesabu mstari umerudi mara ngapi.

Ubeti wa pili ulipofika, sauti ilikatika.

Mto uliendelea peke yake. Kathir aliinua kichwa. Bibi alikuwa amekaza macho mbele, midomo ikitafuta neno. Kothai hakugeuza uso. Aliokota ufagio usioonekana, akainama, akaifagia njia mbele yake polepole, kisha akaonyesha vidole vinavyochomoza kama majani, palepale alipofagia. Bibi alitazama mkono ule. *Njia aliyopita nimeifagia,* akaimba, akilisoma neno baada ya neno kwenye vidole vya mwanafunzi wake, *na majani yameota tena.*

Walikuwa wamerudi kwenye mstari wa maji nyati walipotokea. Walikuwa nyati wa kufugwa, wa maziwa, weusi, wa mwanamke wa kijiji cha ng'ambo, na waliingia mtoni bila kuomba ruhusa, wakavuka moja kwa moja kuelekea nyuma ya Kothai, ndani ya picha.

"Enyi!" mwenye nyati alipaza sauti. "Mnatangaza sabuni?"

Mkono wa Kathir uliruka kwenda kwenye kamera. Yazhini aliudaka kifundoni na kuushikilia.

Kothai alisikia maji yakipigwa na kwato. Aligeuka, akawaona. Na Bibi, badala ya kunyamaza, akamrudishia mstari. *Maji yamepungua, mwenzangu.*

Basi Kothai akamwonyesha mwenzake wa kwenye wimbo. Tazama, hata hawa wanavuka. Akapima kwa kiganja maji yalipowafikia, hayakufika hata kwenye matumbo. Akawahesabu mmoja mmoja kwa macho wakitoka. Wa mwisho alipotoka, Kothai aliinama kumchungulia nyuma, kwenye mkia, huenda kuna mtu amejishika hapo akivushwa. Hakukuwa na mtu. Akavuta sari yake kumpisha ndama aliyechelewa. Ndama alijitikisa, matone yakamrukia Kothai usoni, naye akapangusa shavu moja. La pili akaliacha lilivyo.

Bibi alicheka. Alicheka katikati ya kuimba, kicheko cha koo, mstari ukavunjika, akauokota ukiwa bado na kicheko ndani na kuumalizia hivyohivyo.

Mwenye nyati alikuwa amesimama kwenye maji, fimbo begani. Aliacha kupiga kelele. Alitazama uso wa Kothai, akatazama ule upande Kothai aliokuwa akitazama, na mwishowe akasema, si kwa sauti kubwa, "Haji huyo, dada. Nenda nyumbani."

Kothai alimwinulia kiganja. Kidogo tu. Ngoja kidogo tu.

Wimbo uliisha. Mwenye nyati akaswaga wanyama wake.

"Hii," Kathir alisema. "Bibi, hii..."

"Hii msiifute," Bibi alisema.

Kothai alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Yazhini alimletea maji ya kunywa. Lakini Bibi hakuwa amemaliza. Alikuwa amekunja kipaji cha uso, na kidole kinatembea juu ya mkeka.

"Tatizo ni moja tu," alisema. "Baada ya miaka kumi kuna mjinga atapandisha nyati jukwaani."

"Bibi!" Kathir alicheka.

"Unacheka. Wewe huwajui wacheza ngoma. Atasema ndivyo ilivyokuwa kwa Sengamalam, bila nyati hujacheza."

Kothai aliondoa viganja usoni. Alitazama milima, akapima mwanga uliobaki, akamtazama mwalimu wake. "Basi tufanye nyingine," alisema polepole, akiwa bado anaifikiria. "Sasa hivi, bila nyati. Nzima, tangu mwanzo. Kathir asichague wala asikate. Atakayetaka wimbo apewe zote pamoja, aone hazifanani."

Bibi aliligeuza lile neno ndani ya kichwa chake, kama alivyokuwa akifanya kila mwanafunzi alipomwonyesha kitu ambacho hakumfundisha.

"Tuseme mbili," alisema. "Moja nikiwa na pumzi na moja nikiwa sina."

"Pumzika kwanza, Mwalimu. Usijichoshe."

"Nimekuja kupumzika hapa? Nyumbani kuna kitanda. Wewe binti, kitu chako hiki bado kinasikia?"

"Kinasikia, Bibi," Yazhini alisema.

Kathir alibadilisha betri. Alitaka kusogeza kamera kidogo kushoto, ambako mwanga ulikuwa umekaa vizuri juu ya maji, akasita, akamtazama shangazi yake, akaiacha ilipo. "Na nikiulizwa," alisema, "niseme iliyo sahihi ni ipi?"

Bibi alikuwa ameshakohoa, ameshatafuta sauti chini. *Alisema atakuja,* alianza. Kothai aliinua mkono kutoka kwenye goti, bila kujua bado unakwenda wapi.